Mita Mia Mbili Kusini

Fidélie aligundua kosa lake siku ya Jumatano, akiwa amechuchumaa kando ya kigingi cha saruji ambacho Mama Jenny alikitumia kunolea visu.

Hakwenda pale kutafuta kosa. Alikwenda kupiga picha. Jumamosi angeitetea kazi yake ya kumaliza masomo mbele ya walimu, na walimu wa chuo kile walipenda kuona picha ya mwanafunzi akiwa nje, viatu vimejaa vumbi, ili waamini kwamba hakuiandika kazi yote akiwa kitandani. Kigingi kilifaa kwa picha. Wapimaji wa mgodi walikisimika zamani za Wabelgiji, na juu yake palikuwa bado na kisahani cha shaba chenye namba 47. Mgodi wenyewe ulikwisha kufungwa, wenye kuujua wakafa mmoja mmoja, na nyumba zikapanda mlima mpaka zikaufunika. Mtaa huo, kartié kwa lugha ya pale, ukaitwa Kyalwe, na kigingi kikajikuta ndani ya lupango, yaani ua, la Mama Jenny, katikati ya sufuria na magunia ya makaa.

"Weye mutoto wa chuo," Mama Jenny alisema, samaki mkononi. "Jiwe njo linapigwa foto, na minye mwenye jiwe hapana?"

"Nitakupiga nawe, mama. Ngoja kwanza niweke alama."

Aliiweka simu juu ya kisahani, akaifungua ramani yake. Alikuwa ameipandisha karatasi ya zamani ya mgodi juu ya picha ya setilaiti, kama mtu anavyotandika shuka jembamba juu ya godoro, hivi kwamba chini ya mistari ya wapimaji ungeweza kuona mapaa ya sasa. Namba 47 ilionekana wazi. Na kitone cha buluu, kile kinachomwambia mwenye simu kwamba yuko hapa, kilionekana pia. Havikuwa mahali pamoja. Kitone kilikuwa chini, karibu na avenue Lufira. Namba 47 ilikuwa juu, ng'ambo ya avenue Mitumba, katikati ya uwanja wa shule.

Alidhani simu imekosea. Akaizima, akaiwasha, akaishika juu ya kichwa kama mtu anayeomba mvua, akasubiri setilaiti zijipange. Kitone hakikusogea. Akasubiri tena. Mama Jenny alikwisha kuparua samaki wawili na kuanza wa tatu.

"Inakuambia nini, ile simu?" aliuliza. "Unageuka majivu."

Fidélie aliishusha simu. Alikuwa ametambua.

Wapimaji wa zamani walikuwa na kipimo chao, kipimo cha Katanga, kilichoanzia kwenye nukta zao wenyewe. Setilaiti zina kipimo cha dunia nzima. Ukichukua namba za kipimo kimoja na kuziweka katika kingine bila kuzigeuza, zinaingia vizuri tu, hazilalamiki, ila zinaangukia pengine. Mwalimu alikwisha kuwaambia jambo hilo darasani, mara moja, mwisho wa kipindi, watu wakikusanya madaftari yao. Na siku Fidélie alipoipandisha karatasi ile, katika chumba cha kompyuta chenye umeme wa kukatika, programu ilimuuliza swali moja tu: namba hizi ni za kipimo gani? Betri ilikuwa imebaki asilimia kumi na moja. Akachagua jina la kwanza kwenye orodha.

Jina la kwanza lilikuwa la dunia nzima.

Alipima kwa kidole. Karibu mita mia mbili. Kila kitu katika ramani yake kilipaswa kushuka mita mia mbili kusini.

Asingeogopa hivyo kama ramani ile ingekuwa bado kwenye daftari lake.

Ilianza mwaka wa kwanza, siku mwalimu mgeni alipowaonyesha ukutani picha ya nchi yao iliyopigwa kutoka juu angani. Waliona ziwa Tshangalele likiwa kama kitambaa kilichodondoka, wakaona mashimo ya Kakanda, mekundu na mapana, wakaona gereza la Buluo na kivuli cha ukuta wake. Mwalimu alisogeza picha mpaka Fidélie akaliona paa la kwao, na baba yake kwenye ua, au kitu cheusi kilichoweza kuwa baba yake. Wenzake walicheka na kupiga kelele. Yeye alinyamaza. Alikuwa msichana wa kunyamaza. Aliona kwamba kuna kazi ambayo mtu anaweza kukaa kimya, akatazama vizuri, na kutazama kwake kukawafaa watu.

Kisha katika mvua za mwaka uliopita, kule Kyalwe, jiko la mzee mmoja lilizama ardhini saa nne asubuhi, pamoja na mbuzi na meza. Watu walisema ni uchawi, wengine wakasema ni nyoka mkubwa wa chini. Fidélie alisema ni njia za mgodi wa zamani zinazobomoka, na akaomba hiyo iwe kazi yake. Alihangaika miezi mitatu kuipata karatasi ya mgodi, akaipata kwa mchoraji mmoja mstaafu aliyekuwa ameitandika ndani ya kabati la vikombe. Alizunguka lupango kwa lupango. Alipomaliza, mwezi wa nane, ramani ilikuwa na utepe mwekundu mrefu wa njia za mgodi, uliolala sawasawa juu ya avenue Mitumba.

Sefu wa kartié, yaani mkuu wa mtaa, Papa Godefroid, aliipenda mno. Aliichapisha kubwa, akaibandika ofisini kwake. Wakuu wakija, aliwaonyesha kwa fimbo. Na familia tisa za avenue Mitumba zikahama kabla ya mvua. Ya kwanza kuhama ilikuwa ya Berthe, mdogo wake mama yake Fidélie, mjane mwenye watoto watatu. "Kama mutoto wetu njo anasema, nani atamuamini tukikataa shiye?" alisema mbele ya majirani, na majirani wakafuata. Fidélie mwenyewe alimtafutia nyumba, nyumba nzuri ya matofali ambayo mmiliki wake alikwenda kufanya kazi Kakanda. Ilikuwa avenue Lufira. Chini ya Mitumba, upande wa kusini, kama mita mia mbili.

Jioni ile, nyumbani, aliirudia hesabu. Safari hii alichagua kipimo cha Katanga, akabonyeza. Utepe mwekundu ulishuka kwenye kioo, polepole kidogo kwa sababu kompyuta ilikuwa ya zamani, ukapita mapaa, ukapita njia, ukatua. Akaitafuta nyumba ya matofali. Hakuhitaji kutafuta sana. Ilikuwa katikati ya utepe, kama jicho lilivyo katikati ya uso.

Mama yake alimuita kuja kula bukari, ule ugali wa jioni. Alisema hana njaa.

Alhamisi asubuhi alikwenda chuoni kwa Ghislain, msimamizi wa kazi yake, kijana ambaye bado wanafunzi walimchanganya na mwanafunzi. Ghislain ndiye aliyempendekeza katika ofisi moja ya ramani ya Lubumbashi. Walikuwa wanatafuta mtu mmoja wa kuanza Januari, na walikubali kumchukua Fidélie mara tu atakapoitetea kazi yake.

Ghislain aliitazama kompyuta muda mrefu. Masikio yake yalibadilika rangi.

"Na minye nilitia sahihi," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mwalimu."

"Écoute, Fidélie. Sikia vizuri. Jumamosi unaitetea kama ilivyo. Kule hakuna hata mmoja atakayeuliza kipimo, ninawajua. Jumatatu tunasahihisha wawili, tunampelekea sefu karatasi mpya, tunamwambia ni toleo la pili. Kila ramani iko na toleo la pili."

"Watu wanalala juu yake, mwalimu."

"Wanalala juu yake tangu miaka arobaini. Siku nne ni nini?" Alisema kwa upole, na huo upole ndio uliomtia Fidélie hofu zaidi, kwa sababu ulikuwa na mantiki. "Ukisema leo, hautetei. Usipotetea, Lubumbashi wanamchukua mwengine. Utakaa hapa mwaka muzima unauza krediti ya simu. Unataka hivyo?"

Hakutaka hivyo. Alisema ahsante, akatoka.

Na mtu anayesimulia maisha ya mtu mwingine asiifiche sehemu hii: Fidélie hakwenda Kyalwe siku ile. Alikwenda nyumbani. Alijiambia atafikiri. Alikaa mezani, akafungua maandishi ya utetezi, akayasoma kwa sauti ya chini mpaka ukurasa wa sita.

Saa nane mvua ikaanza.

Haikuwa mvua ya kutisha. Ilikuwa mvua ya mwezi wa kumi na moja, ile inayokuja na ngurumo mbili na kutulia, inayotua mabatini kwa uzito mmoja kama mchele unaomiminwa bila kukoma. Mwaka mwingine angeisinzia. Sasa aliisikiliza na kuona inakokwenda. Aliiona ikiteremka kutoka Mitumba katika mitaro, ikikusanyika Lufira, ikitafuta ufa, ikiupata. Aliyaona maji yakiingia mahali palipo giza ambapo nguzo za miti zimeoza zikisubiri kisingizio. Kila gari lililopita barabarani lilimfanya ashike ukingo wa meza. Mara kikombe kilianguka kwa jirani, naye akajikuta amesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

Hakutoka. Mvua ilikatika saa kumi. Simu haikulia. Alikaa chini akajisikia amepona, kisha akaona haya kwa kule kupona, maana aliyekuwa hatarini hakuwa yeye. Aibu ile ndiyo iliyomsukuma. Ujasiri hakuuona kabisa.

Ijumaa asubuhi alikuwa ofisini kwa Papa Godefroid. Sefu alikuwa na watu watano waliokuja kugonga mihuri, na ramani ilikuwa ukutani nyuma yake, imepambwa kwa kamba ya plastiki ya Noeli. Fidélie aliomba kuongea naye peke yake. Sefu akasema ofisi ya serikali haina siri. Basi akasema pale pale, mbele ya watu.

Sefu aliuweka muhuri mezani.

"Donc," Papa Godefroid alisema, "bale benye tuliondosha Mitumba, tuliwaondosha bure."

"Ndiyo, papa."

"Na bale benye kuko Lufira njo banakufa."

"Sikusema wanakufa, papa. Nimesema ardhi ya chini yao njo iko na njia za mgodi. Wahame kwanza. Nitapima upya, nitaleta—"

"Ngoja." Aligeuka kwenye kiti chake, akaiangalia ramani kana kwamba imemtukana. "Nilimwonyesha mukubwa wetu, bourgmestre, ile karte. Kwa fimbo."

Mtu mmoja alicheka. Alikuwa Déogratias, mtengeneza redio wa avenue Lufira, jirani wa ukuta kwa ukuta na Berthe. Alikuwa na ulimi ambao Kyalwe nzima iliuogopa na kuupenda.

"Mademoiselle," alisema, "mwezi wa nane shimo ilikuwa kule juu. Leo imeshuka kwetu. Ile shimo iko na miguu? Mwezi wa pili itafika Buluo, ikaondoshe bafungwa gerezani."

Watu wote walicheka, hata sefu.

"Papa Déo, minye njo nilikosea. Ardhi haikusogea. Karatasi ndiyo—"

"Njo vile nasema. Mwenye kukosea ya kwanza atashindwaje kukosea ya pili? Minye nikitengeneza redio ya muntu ikaunguza nyumba, nimuambie kesho anipe na televizio?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa anafurahia. "Kwenda kusoma, mutoto. Shiye tuko na kazi."

Papa Déo alikuwa amesema kweli, na Fidélie alijua. Mara ya kwanza alikuja na uongo asiojua ni uongo, akaupeleka kwa sauti tulivu na karatasi safi, na walimwamini. Sasa alikuja na ukweli, sauti ikimtetemeka, karatasi haijachapishwa. Yeye mwenyewe, angekuwa Déogratias, angecheka.

Alishuka kwenda Lufira.

Berthe alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye ua. Alimwona akija, akaacha mchi.

"Kuko shida na mutihani ya kesho?"

"Mama Berthe, tuingie ndani." Kisha akakumbuka ndani ni wapi. "Hapana. Tukae hapa. Hapana, hata hapa... tuende barabarani."

"Barabarani kufanya nini? Ingia, mutoto. Iko jua."

Akaingia. Aliingia kwa sababu tangu utoto hakuwahi kumkatalia Berthe. Sebule ilikuwa na sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, inang'aa, Berthe alikuwa ameisugua kwa nta. Fidélie alisimama karibu na mlango, mgongo kwenye fremu. Alipoambiwa akae, alikaa kwenye ukingo wa kiti, akainua visigino. Hakujua kwamba ameinua. Alieleza yote: kigingi, kipimo, betri, jina la kwanza kwenye orodha. Alieleza na jana, mvua, kwamba alikaa nyumbani.

Berthe alimsikiliza huku akimtazama miguu.

"Babengine banakuambia nini?"

"Sefu amekataa. Papa Déo amenicheka."

"Déo anachekaka na kwenye matanga." Berthe aliutazama ukuta. Kutoka upande wa pili wa ukuta redio iliyotengenezwa nusu ilikohoa, ikaimba neno moja, ikazima. "Minye sielewe bintu bya kipimo. Mwezi wa nane ulinieleza na sikuelewa. Niliamini juu ya weye ulikuwa unaonekana muntu mwenye kujua."

"Ndiyo, mama."

"Sasa hauonekane muntu mwenye kujua."

Fidélie aliinamisha kichwa.

"Unaonekana muntu mwenye woga," Berthe aliendelea. "Mwezi wa nane ulikaa kwangu kule Mitumba, juu ya ile shimo yako, unakula bukari sahani mbili. Ulisema ni hatari na ukalala kwenye mukeka. Leo uko kwangu tangu saa moja muzima na haujaweka mguu chini."

Fidélie akatazama visigino vyake. Vilikuwa hewani, havijagusa sakafu. Akajaribu kuvishusha. Vikashuka, vikapanda tena vyenyewe.

Berthe alisimama, akafunga kitenge vizuri kiunoni.

"Batoto batatoka shuleni saa sita," alisema. "Nitabapitia. Beba ile sanduku ya karatasi, njo ya kwanza. Iko na vyeti bya ubatizo."

Jioni ile Berthe na watoto wake walikuwa kwa dada yake, nyumbani kwa kina Fidélie, watu wanane katika vyumba viwili. Hakuna mwingine wa Lufira aliyehama. Déogratias aliwasaidia kupakia mkokoteni, akimuuliza Berthe kila hatua kama angependa apimiwe kwanza barabara isije ikawa na tundu.

Jumamosi Fidélie alisimama mbele ya walimu watatu. Ghislain alikuwa amekaa pembeni, macho kwenye kalamu yake. Fidélie alionyesha ramani ya kwanza kwa dakika kumi, jinsi alivyoitengeneza, kisha akaonyesha ya pili, akasema ya kwanza ni kosa, na familia tisa zimehama kwa sababu ya kosa hilo, na baadhi zimehamia hatarini. Mwenyekiti alivua miwani. Aliuliza swali moja tu, kama msimamizi alikuwa anajua. Fidélie alisema alimwambia Alhamisi. Hakuongeza kitu. Ghislain hakuinua kichwa.

Walimtoa nje. Walipomwita, walimwambia kazi haikupokelewa, airudie yote, atetee katika kikao cha pili. Lubumbashi walimchukua mwingine. Fidélie alipewa habari hiyo kwa ujumbe wa simu, wenye heshima, mistari miwili.

Watu wangependa kusikia kwamba ardhi ilifunguka wiki iliyofuata na kumpa haki yake. Haikufunguka. Desemba ilipita na mvua zake. Januari ikapita. Avenue Lufira ilikaa mahali pake, watu walifua, walioa, walipigana, na Déogratias alitunga salamu mpya: alipomwona Fidélie akipita, alirukaruka kwenye veranda yake kwa miguu miwili, kisha akasikiliza, mkono sikioni. Majirani walikufa kwa kicheko. Kila aliporuka, Fidélie alifumba macho.

Hofu haikumtoka. Ilibadilika tu, ikawa kitu cha kila siku, kama maji ya kuchota. Aliishi akiogopa mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja: kwamba ardhi itaanguka, na kwamba haitaanguka, na yeye atakuwa amekosea mara mbili. Asubuhi nyingine hakujua ipi anaiogopa zaidi, na kutojua kule kulimtisha kuliko zote.

Ili asiwe mtu wa kukaa na kusubiri, akaanza kupima. Aliomba chuoni darubini ya kupimia mteremko, ile yenye miguu mitatu. Mwenyekiti yuleyule aliyemwangusha aliitia sahihi karatasi ya kuazima bila neno. Alipigilia misumari mirefu ya chuma kumi na minne Lufira, mmoja mbele ya kila nyumba, na mmoja juu mlimani kwenye mwamba usioweza kuzama. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alisoma tofauti ya urefu kati ya mwamba na misumari. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja wa kutazama na mmoja wa kusimamisha mti wa namba. Mti aliushika Berthe. Alijifunza kuusimamisha wima kwa kutazama pembe ya nyumba, na akaipenda kazi, akawa anawafukuza kuku na maneno ya watu pamoja.

Misumari ilikuwa inazama. Milimita mbili. Milimita tatu. Mwezi mwingine hakuna kitu. Mtu akiambiwa milimita haoni cha kuogopa, na Déogratias alikuwa anatoka mlangoni kila Jumamosi ya kwanza kuuliza, mikono kiunoni:

"Leo ni ngapi, mademoiselle?"

"Tatu, papa."

"Tatu. Basi nikifa miaka mia inayokuja, mutanizika bila kuchimba."

Mwezi wa tano aliitetea kazi upya. Ilikuwa na kipimo sahihi, vigingi sita alivyovikagua kwa miguu yake, na jedwali la misumari. Ilipokelewa. Chuo kilimpa nafasi ndogo ya kusaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mtu mmoja wa Lubumbashi, si wa ofisi ile, aliona jedwali na kumwandikia kwamba anataka kulilinganisha na picha za rada za setilaiti, zinazoweza kuona ardhi ikishuka hata kabla ya jicho. Wakaanza kazi pamoja. Hivyo ndivyo alivyoingia katika kazi hii. Hakuna aliyempigia makofi. Mama yake alinunua tu kuku.

Mvua zilirudi mwezi wa kumi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja kulikuwa na ukungu mpaka saa tatu, na waliuanza mstari kwa kuchelewa. Msumari wa kwanza, mbili. Wa pili, tatu. Berthe aliutembeza mti kwa mwendo wake wa kanisani. Walifika kwenye nyumba ya matofali aliyokuwa akikaa, sasa tupu, majani yameota mlangoni. Fidélie alisoma, akaandika, akasimama. Akasoma tena.

"Simamisha vizuri, mama."

"Iko vizuri."

"Simamisha tena."

Berthe akasimamisha tena. Namba ilikuwa ileile. Wakaenda kwenye msumari uliofuata, mbele ya Déogratias. Fidélie aliweka jicho kwenye kioo, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mguu wa darubini kuushika, ingawa haukuwa unatikisika. Alirudi mpaka mwamba, akapima upya kutoka mwanzo, nusu saa nzima, Berthe akimfuata bila kuuliza. Akafika tena mahali palepale.

Déogratias alikuwa ametoka, bisibisi mkononi. Ndani mkewe Shekina alikuwa anaimba, na harufu ya vitunguu ilikuwa inatoka dirishani.

"Leo ni ngapi, mademoiselle?"

Fidélie alifunga daftari. Alitaka kuisema kwa sauti ya mwezi wa nane, ile sauti tulivu yenye karatasi safi, kwa sababu watu waliiamini. Haikuwepo. Ilitoka aliyokuwa nayo.

"Kumi na tisa, papa. Na kwa mama Berthe ishirini na mbili."

Berthe, mti mkononi, alikuwa amesogea kutoka kwenye ua na kusimama barabarani.

Déogratias alimtazama Fidélie usoni muda mrefu, kama anavyotazama redio iliyoletwa na mtu asiyeeleza ugonjwa wake. Kisha akatazama chini, saruji ya veranda aliyokuwa akiirukia, na akahamisha uzito wake polepole kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

"Shekina," aliita, bila kugeuka. Sauti yake haikuwa kubwa. "Acha jiko."

"Nini?"

"Zima moto, uache jiko. Kuya huku inje na mutoto. Pitia ku ukuta."

Fidélie alikuwa amekwisha kuanza kukimbia kuelekea nyumba iliyofuata.